Usharika Usimamao Mchungaji Asipokuwapo



Ufikapo wakati wa kuchagua wazee wa kanisa, watu wengi vijijini hulihesabu jambo hilo kuwa dogo. Husema, "Na warudi wale wale," kisha huenda zao shambani. Hapa Buger, kama katika vijiji vingine vya Karatu, kilimo hakimngoji mtu, wala hatumlaumu mkulima aiangaliaye mvua. Lakini yatupasa kujiuliza: mzee wa kanisa amechaguliwa kwa kazi gani? Nani azihesabu sadaka? Nani aupatanishe ugomvi wa jirani na jirani? Nani awafundishe watoto, na nani awatazame wagonjwa, mchungaji akiwa mbali?

Habari za Kanisa la Kilutheri katika nchi yetu ya kaskazini zatuonyesha ya kuwa maswali haya ni mazito. Katika muda wa miaka 20 Kanisa hilo liliondolewa viongozi wake mara mbili. Mara ya kwanza lilikuwa kama mtoto asiyefundishwa kazi, akaachiwa nyumba. Mara ya pili lilikuwa kama kijana aliyekwisha kushika jembe. Tofauti ya mara hizo mbili ndiyo nitakayo kuieleza.

Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka wa 1893, wakajenga kwanza Machame. Mwaka wa 1894 wakafika Mamba, na mwaka wa 1896 wakaanza Moshi. Mwaka huo huo wa 1896 wawili miongoni mwao, Karl Segebrock na Ewald Ovir, waliuawa Akeri katika nchi ya Meru. Hata hivyo kazi haikukoma: Nkoaranga ikajengwa mwaka wa 1902, na Ilboru kwa Waarusha mwaka wa 1904.

Katika miaka ile utaratibu ulikuwa mwepisi kueleza. Mmisionari ndiye aliyebatiza, ndiye aliyetoa Chakula cha Bwana, ndiye aliyeshika fedha, na neno lake lilikuwa la mwisho. Walimu wenyeji walifundisha shuleni, waliwakusanya watu kwa sala, walitembea toka kilima hata kilima kuwafundisha wanafunzi wa ubatizo. Wazee nao walikuwapo, wakisaidia katika mambo ya ndoa na mashauri. Lakini ufunguo wa nyumba ulikuwa katika mfuko wa mtu mmoja. Siwalaumu bure watu wale. Wabatizwa wa kwanza walikuwa wachache, na kila mwanzo una malezi yake. Lakini mtoto hukua, na mzazi asipoangalia, mtoto hukua huku angali akilishwa kwa mkono.

Vita vya mwaka wa 1914 vikaja. Wajeremani wakashindwa, Waingereza wakaitwaa nchi, na mwaka wa 1920 wamisionari wa Leipzig wakafukuzwa Tanganyika. Ilikuwa miaka 27 tangu kufika kwao Machame, na hata siku ile hakuwapo Mwafrika hata mmoja wa misioni ile aliyekuwa amebarikiwa uchungaji.

Wasomaji, lifikirini jambo hili. Nyumba za Mungu zilikuwapo, na Wakristo walikuwapo. Neno la Mungu liliweza kusomwa, na nyimbo ziliweza kuimbwa. Walimu wakaendelea kufundisha, na wazee wakaendelea kuwakusanya watu siku ya Bwana. Watu hawa ndio waliolibeba Kanisa, na yafaa wakumbukwe kwa heshima. Lakini walipewa mzigo bila kupewa mamlaka. Mwalimu aliweza kuhubiri, lakini hakuwa na haki ya mchungaji. Shauri gumu likitokea, hapakuwa na mkutano uliojulikana na wote wa kulikata. Waliitwa walinzi, na hali wao ndio waliokuwa wakilima, wakipanda na kuvuna.

Baadaye Walutheri wa Marekani wa Sinodi ya Augustana walitumwa kusaidia, nao walifanya kazi hapo kaskazini mpaka watu wa Leipzig waliporuhusiwa kurudi mwaka wa 1925. Ndipo Wamarekani walipokwenda kuanza kazi katika nchi ya Iramba.

Waliporudi, watu wa Leipzig hawakuwakuta wale waliowaacha. Mwalimu aliyeangalia usharika peke yake miaka mingi hawezi tena kurudi kuwa mshika taa tu. Hapo ndipo mashauri ya utaratibu yalipoanza kwa bidii. Kanisa liongozwe na nani? Wazee wawe na kauli gani? Na mila za wenyeji zitiwe wapi?

Mtu aliyefikiri sana juu ya swali hili la mwisho alikuwa Bruno Gutmann, aliyefika nchi ya Wachaga mwaka wa 1902, akakaa miaka mingi Kidia, Moshi ya kale, mpaka mwaka wa 1938. Yeye aliona ya kuwa Mchaga haishi peke yake. Ana ukoo wake, ana majirani zake, ana wenzake wa rika. Akasema usharika usiyavunje mafungamano haya, bali ujengwe juu yake. Basi akaupanga usharika kwa ujirani, kila ujirani na wazee wake walioangalia watu wao, nao vijana wa kipaimara akawafunga pamoja ili wachungane katika mwenendo, kama vijana wa zamani walivyofungwa pamoja wakati wa kuingia utu uzima.

Katika jambo hili mna hekima, tena mna hatari. Hekima ni hii: mgonjwa wa ujirani hujulikana na jirani kabla ya kujulikana na mchungaji. Hatari ni hii: vijana waliosoma waliona kana kwamba wanarudishwa nyuma, wakabaki chini ya mila wakati walipotaka kupewa elimu na madaraka. Wazee wa ujirani ni kitu chema, lakini mtu akikuchagulia desturi zako mwenyewe na kukuambia zikutoshe, bado hajakupa uhuru.

Mwaka wa 1934 mlango ukafunguliwa. Wachungaji wa kwanza wenyeji wakabarikiwa, na miongoni mwao walikuwamo Solomon Nkya wa Machame na Lazaro Laiser wa Arusha. Ilikuwa miaka 41 tangu mwanzo wa kazi, na miaka 14 tangu ile siku ya kufukuzwa. Wengine watasema ilikuwa kuchelewa, nami sitabishana nao. Lakini haikuwa kuchelewa mno, kwa maana miaka mitano baadaye dhoruba ya pili ilikuja.

Mwaka wa 1939 vita vikaanza tena Ulaya. Wamisionari wa Kijeremani wakatiwa kizuizini, na Wamarekani wa Augustana, nao ni wachache, wakaombwa kuangalia kazi za Kilutheri katika nchi nzima ya Tanganyika. Mtu mmoja hawezi kulala Iramba na kuamka Machame. Basi safari hii nani alizibeba sharika? Wachungaji wenyeji walikuwapo. Watoto walibatizwa, Chakula cha Bwana kilitolewa, na wazee walikaa katika baraza pamoja na wachungaji wao wakikata mashauri. Taabu zilikuwa nyingi, na fedha zilikuwa chache, lakini Kanisa halikubaki bila mchungaji kama mwaka wa 1920.

Yaliyofuata mwajua. Stefano Moshi, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuwa mchungaji, alichaguliwa kuliongoza Kanisa la Kaskazini, na mwaka wa 1960 akawekwa kuwa askofu. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa 7 yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na yeye akawa mkuu wake wa kwanza. Watu hutaja siku hizo kuu kwa furaha, na ni haki yao. Lakini siku hizo zisingalikuja kama wale walimu na wazee wasiotajwa vitabuni wasingaliubeba mzigo kwanza.

Sasa tuitazame nchi yetu wenyewe. Wairaqw walipotoka Mama Isara wakaenea kaskazini hata Karatu, hawakwenda kama watu waliotawanyika. Kila nchi waliyoikalia waliifanya kuwa aya, yenye mipaka yake na wazee wake. Mambo ya aya yalizungumzwa katika mkutano wa wazee, na yule aliyesema kwa niaba yao alikuwa na nguvu kwa sababu watu walikubaliana naye, wala si kwa sababu ya fimbo. Basi Mwiraqw akiambiwa ya kuwa usharika wapasa kukaa pamoja, kusikilizana, na kukubaliana kabla ya kutenda, haambiwi neno geni. Lakini twajua pia ya kuwa katika baraza la zamani mwanamke na kijana hawakuwa na kauli kama mzee. Hapo Injili haikuja kuyabariki yote, ilikuja kuyapanua. Katika miaka ya 1990 dayosisi kadhaa za KKKT zilianza kuwabarikia wanawake uchungaji. Usharika ambao bado wafikiri kwamba kazi ya mama ni kupika siku ya sikukuu tu umebaki nyuma ya Kanisa lake.

Mtu aweza kusema, "Utaratibu ni mambo ya makaratasi, imani yatosha." Namwomba mtu huyo akumbuke yaliyotokea Meru, karibu nasi, kati ya mwaka wa 1990 na wa 1993. Sharika za Meru zilikuwa ndani ya Dayosisi ya Kaskazini, ambayo makao yake ni Moshi, na watu wengi wa Meru walitaka kuwa na dayosisi yao. Swali lilikuwa la utaratibu tu: nani aongoze, na kutoka wapi. Halikuwa swali la Utatu wala la ubatizo. Lakini Wakristo walioimba kitabu kimoja waligawanyika, mali ikaharibiwa, damu ikamwagika, na serikali ikaingia kati. Mwishowe Meru ikapata dayosisi, lakini wengine walikwisha kujitenga na kuanzisha kanisa jingine. Jambo lisilopewa mahali pa kusemwa barazani hutafuta mahali pa kusemwa barabarani.

Na ndugu zetu Wakatoliki nao walifika kwenye fundisho kama hili kwa njia yao. Maaskofu wao wa Afrika ya Mashariki, katika mikutano ya mwaka wa 1973 na wa 1976, waliazimu kwamba jumuiya ndogo ndogo ziwe msingi wa kazi yao. Waliona ya kuwa parokia kubwa yenye padre mmoja ni kama boma lenye mlango mmoja: mchungaji akiwa upande huu, chui huingia upande ule.

Basi sisi tufanye nini? Mimi naona mambo manne.

La kwanza, wazee wachaguliwe kwa kura na kwa muda ujulikanao, na muda ukiisha warudi kukaa na wenzao bila kuona haya. Uzee wa kanisa si ng'ombe wa urithi. Mzee akiwa hawezi kuondoka, hata akiwa mwema, vijana hawatajifunza kazi yake, nasi tumekwisha kuona mwaka wa 1920 hasara ya watu wasiofundishwa kazi.

La pili, sadaka zihesabiwe na watu watatu au zaidi, ziandikwe siku ile ile, zisomwe mbele ya usharika. Mtunza hazina mwaminifu hulindwa na hesabu ya wazi, maana haikubali masengenyo. Asiye mwaminifu naye hulindwa na majaribu.

La tatu, kila ujirani uwe na watu wake, wanaume na wanawake, wa kuwatazama wagonjwa, wajane, na vijana wanaotoka kipaimara. Mchungaji mwenye mitaa mingi hawezi kufika kila nyumba hata akiwa na pikipiki. Akizikosa habari za nyumba, huhubiri kama mtu apandaye mbegu gizani.

La nne, mashauri magumu yapewe mkutano mapema. Aliye na neno asikiwe angali akisema kwa upole. Tukingoja mpaka apige kelele, tumekwisha kuchelewa.

Haya si mageuzi ya kigeni. Katika Kutoka, sura ya 18, Yethro alimwona Musa akiwahukumu watu peke yake toka asubuhi hata jioni, akamwonya ya kuwa atachoka yeye na watu pia. Katika Matendo, sura ya 6, watu walinung'unika kwa kuwa wajane wao walisahauliwa katika chakula, nao mitume hawakuwakemea. Waliwaambia wote wachague watu saba. Angalieni: manung'uniko yalisikiwa, na kusanyiko lote likachagua.

Mchungaji aliye mwema hataogopa mambo haya. Yeye ajua ya kuwa ipo siku atahamishwa, au ataugua, au atazeeka. Siku hiyo itaonekana kama aliwajenga watu au alijijenga mwenyewe. Basi wakati wa uchaguzi ukifika, tusiseme, "Na warudi wale wale," kwa sababu ya haraka ya shamba tu. Tuketi, tusali, tuwataje watu kwa kazi zao, kisha tuchague. Mvua ya mwaka huu itapita, bali watu tutakaowaweka ndio watakaotuzika, watakaowafundisha watoto wetu, na watakaoshika ufunguo wa nyumba ya Mungu siku ambayo hatuijui.