KUHASIWA AU KUTIBIWA? Stori ya Wanaume wa Pemba, Busha na Kisu cha Daktari

Kuna ugonjwa Pemba ambao kila mtu anaujua na hakuna anayeutaja mbele ya wakwe. Mzee anatoka msikitini, anatembea taratibu, miguu kaipanua kidogo, kanzu pana mpaka chini. Watoto wanaangaliana na kubana kicheko. Watu wazima wanakausha kama hawajaona kitu. Hilo ni busha, na wengine wanaliita mshipa.

Muulize kwa nini haendi hospitali, jibu linakuja kwa sauti ya chini: wataniondoa. Yaani anaamini akipanda kile kitanda cha operesheni atashuka akiwa siyo mwanamume tena. Basi anakaa na mzigo wake miaka kumi, ishirini, mpaka anashindwa kupanda mkarafuu, anashindwa kwenda baharini, na mwisho anashindwa hata kutoka nje.

Wadau, hofu hii ina historia nyuma yake. Tuifungue.

MATOWASHI WA JUMBA LA SULTANI

Karne ya 19 Seyyid Said alihamisha makao yake kutoka Muscat kuja Unguja. Jumba lake la Mtoni lilijaa watu: masuria, watoto, watumwa. Na ndani ya hilo jumba kulikuwa na matowashi, wanaume waliokatwa korodani. Binti yake Salme, aliyezaliwa hapo Mtoni mwaka 1844, anawataja kwenye kitabu cha maisha yake kilichotoka Ujerumani mwaka 1886. Kazi zao zilikuwa za ndani, kulinda na kuhudumia sehemu za wanawake. Majina ya wengi wao hayajulikani na mtu yeyote leo.

Sasa hapa kuna jambo. Sheria ya Kiislamu inakataza kumhasi binadamu. Kwa hiyo ile kazi chafu ilifanyika mbali, kwa watoto walioibwa kwao, na majumba ya wakubwa yakanunua mtu ambaye tayari kashakatwa. Hakukuwa na ganzi wala dawa ya kuua vijidudu. Wengi walikufa kwa kuvuja damu na vidonda kuoza. Waliopona bei yao ilikuwa juu kuliko mtumwa wa kawaida.

Mtoto akikatwa kabla ya kubalehe, mwili wake unakwenda njia nyingine. Sauti haivunjiki, ndevu hazioti, mikono na miguu inarefuka. Hata Ulaya walifanya hivyo kwa ajili ya muziki: mwimbaji wa mwisho wa aina hiyo aliyekuwa Vatikani alirekodiwa mwaka 1902 na 1904, na sauti yake ipo mpaka leo.

Pemba nayo ilikuwa ndani ya dola hiyo ya masultani. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikawa ndiyo kinara wa karafuu, na mashamba yake yalilimwa kwa jasho la watumwa. Utumwa ulifutwa kisheria visiwani mwaka 1897. Matowashi wakaisha. Lakini neno "kuhasi" lilibaki, na likabaki na harufu ya utumwa, au ya dume la ng'ombe linalotayarishwa kuvuta gari. Nani atakubali neno kama hilo liguse jina lake?

KUMBE NI MBU

Kwa miaka mingi watu wa pwani waliamini busha linatokana na kunywa madafu. Madafu yamesingiziwa bure! Mwaka 1877 daktari Patrick Manson, akiwa China, aligundua kwamba vijinyoo vinavyoleta matende na busha vinakua ndani ya mbu. Mbu wa visiwani anayefanya kazi hiyo anapenda maji machafu, hasa mashimo ya vyoo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kule Makunduchi, Unguja, watafiti walimwaga vipunje vyeupe vya povu ndani ya vyoo ili vielee juu na kumzuia mbu asizaliane. Mwaka 2001 Unguja na Pemba nzima zikaanza kugawiwa dawa za kumeza kuwamaliza vijinyoo hao.

Dawa inazuia maambukizi, ila busha ambalo limeshakuwa kubwa linahitaji kisu. Na hapa ndipo watu wanapochanganya mambo. Kwenye operesheni ya busha daktari anatoa maji, anakata au kugeuza ile ngozi laini inayoyahifadhi, kisha anashona. Korodani inabaki mahali pake. Mgonjwa wengi wanarudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Yule mzee aliyejificha miaka ishirini alikuwa anaogopa operesheni ambayo wala siyo yake.

HALAFU IPO ILE YA KUONDOA KWELI

Ipo, na nayo ina sababu zake. Mwaka 1941 huko Chicago, daktari Charles Huggins na mwenzake Clarence Hodges walionyesha kwamba saratani ya tezi dume inalishwa na homoni ya kiume. Homoni hiyo kwa sehemu kubwa inatengenezwa na korodani. Ukiziondoa, saratani inakosa chakula. Wazee waliokuwa wanalia kwa maumivu ya mifupa walipata nafuu. Mwaka 1966 Huggins akapewa tuzo ya Nobel.

Siku hizi kuna sindano zinazofanya kazi hiyohiyo, ila mtu anachomwa kila mwezi au kila baada ya miezi kadhaa, tena kwa muda mrefu. Fikiria mzee wa Micheweni: gharama ya sindano, nauli ya boti, malazi mjini. Operesheni ni mara moja tu. Ndiyo maana mpaka leo Afrika Mashariki wazee wengi wanaichagua.

MGONJWA ATEGEMEE NINI?

Kwanza, haguswi mpaka aelezwe na aweke saini mwenyewe. Ana haki ya kuuliza maswali yote, na ni vizuri aende na mkewe. Anachomwa ganzi, mara nyingi ya kiunoni kushuka chini, na kazi kwa kawaida haizidi saa moja. Wiki mbili za mwanzo kuna uvimbe na maumivu: avae chupi ya kubana, asibebe vizito, na mkarafuu ausahau kwa muda. Akiona usaha, homa au uvimbe unaozidi, arudi hospitali haraka.

Zikiondolewa zote mbili, homoni inashuka ndani ya saa chache. Mtu anaweza kupata joto la ghafla na jasho, hamu ya tendo inapungua sana, nguvu nazo zinashuka, na hawezi kuzalisha tena. Miezi ikipita misuli inalegea, unene unaongezeka na mifupa inadhoofu, ndiyo maana anashauriwa afanye mazoezi na kula vizuri. Sauti yake haibadiliki, maana ilishavunjika ujanani. Na operesheni hii haiponyeshi saratani iliyosambaa. Inaifunga breki, mzee anapata muda na anapunguziwa maumivu.

Ikiondolewa moja tu, stori ni tofauti kabisa. Iliyobaki ikiwa nzima inatosha kwa homoni, kwa ndoa na kwa watoto.

VIJANA, MSICHEKE

Saratani ya korodani inawapata zaidi vijana. Mwezi Julai 2022 mshambuliaji mmoja wa Ivory Coast alikutwa na uvimbe huko. Akapasuliwa, akapewa dawa kali. Februari 2024 ni yeye aliyefunga bao la ushindi fainali ya AFCON dhidi ya Nigeria. Nani atasema huyo siyo mwanamume?

Na korodani ikiuma ghafla, kali mpaka kutapika, usisubiri kupambazuke. Inaweza kuwa imejisokota. Ndani ya saa sita hivi mara nyingi inaokolewa, ukichelewa inaoza na itabidi itolewe. Aibu ya usiku mmoja inakupotezea kiungo.

Mtoto wa Mtoni alikatwa bila kuulizwa, ili awe mali ya mtu. Mzee wa Pemba leo anaulizwa, anaelezwa, anasaini, na anatoka akiwa bado baba wa watoto wake na mume wa mkewe. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, hata kama kisu kinapita palepale. Hospitali zipo Chake Chake, Wete na Mkoani. Kama una babu au baba anayejificha ndani ya kanzu, msomee hii leo usiku, mkiwa wawili tu.