Kutoka Darasa la Seminari hadi Shamba la Kijiji



Mwaka 1891 Papa Leo XIII alitetea haki za wafanyakazi katika waraka wake Rerum Novarum. Huko Marekani, nchi ya viwanda, Padre John A. Ryan, mwalimu wa seminari katika mji wa St. Paul, alitoa mwaka 1906 kitabu kilichodai kila mfanyakazi alipwe ujira unaotosha kutunza familia yake.

Kwetu Ngara na Biharamulo hapakuwa na viwanda, palikuwa na jembe. Askofu Christopher Mwoleka alikabidhiwa Jimbo la Rulenge mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Katika ujamaa aliona nafasi ya kuiishi Injili. Hakuishia kuhubiri, bali alijiunga na kijiji cha ujamaa. Alifundisha kwamba Utatu Mtakatifu tumefunuliwa ili tuuige, kwa kushirikishana maisha na mali.

Baadaye watu wengi nchini walihamishiwa vijijini kwa nguvu, na vijiji hivyo havikudumisha moyo wa ujamaa. Amri iliweza kusogeza nyumba, haikuweza kuzaa upendo.

Urithi wa Askofu Mwoleka umo katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo. Basi tujiulize: jumuiya yetu inamfahamu mjane asiye na wa kumlimia, au tunakutana kusali tu na kutawanyika?