Baiskeli ya Katekista: Kutoka Vilima vya Uingereza hadi Vilima vya Mara



Wapendwa, wiki hii naomba niyaweke kando masomo ya Dominika, nisimulie historia ya chombo tulichokizoea mno hata hatukioni tena, yaani baiskeli. Katika mazungumzo baada ya Misa, kijana mmoja alitamka kwamba katekista kufika kigangoni kwa baiskeli katika zama hizi ni aibu kwa parokia. Wenzake walicheka. Mzee mmoja hakucheka. Nami nimeona heri nijibu kwa historia, kwa maana nasaha peke yake husahaulika haraka.

Baiskeli tunayoijua sisi, yenye magurudumu mawili yanayokaribia kulingana na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, ilitoka katika karakana ya John Kemp Starley, mjini Coventry, Uingereza, mwaka 1885. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, akasajili ubunifu wake wa tairi ya kujazwa upepo. Kabla ya hapo baiskeli ilikuwa na gurudumu la mbele refu kama kifua cha mtu, na kuipanda kulitaka fedha nyingi na mifupa migumu. Hata hivyo, hao wachache walikuwa wamekwisha kuunda chama chao cha wasafiri wa baiskeli mwaka 1878. Chama hicho kilifanya jambo la busara: kiliweka mbao za tahadhari juu ya miteremko mikali, ili mgeni asije akashuka kwa kasi asiyoweza kuizuia.

Baada ya Starley na Dunlop, karani, mwalimu na fundi wa kiwandani nao wakapata baiskeli. Siku ya Jumapili waliuacha moshi wa Nottingham na Manchester, wakanyonga baiskeli kuelekea vilima vya Derbyshire, wakipita vijiji vyenye makanisa ya kale ya mawe. Walipita, lakini wengi hawakuingia. Katika miaka ya 1890 wachungaji wa nchi ile walilalamika mimbarini kwamba baiskeli inawaondolea waumini. Wengine walikuwa na hekima zaidi, wakawakaribisha wasafiri waingie na vumbi lao. Hata leo, katika kijiji cha Meriden karibu na Coventry, upo mnara uliozinduliwa mwaka 1921 kuwakumbuka waendesha baiskeli waliokufa katika Vita ya Kwanza ya Dunia, na waendesha baiskeli hukusanyika hapo kwa ibada.

Kumbe chombo kilichoshutumiwa kule kwa kuwatoa watu kanisani, huku kwetu ndicho kilichowaingiza. Hapo ndipo historia yetu inapoanza.

Kanisa la Mara lilianza kwa miguu na kwa mtumbwi. Wamisionari wa Afrika, wale tuliowaita Mababa Weupe, walianzisha misioni ya Nyegina mwaka 1911, si mbali na mji wetu wa Musoma. Ni huko Nyegina ambako Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere alibatizwa, tarehe 23 Desemba 1943. Mwaka 1946 wakaja mapadre wa Maryknoll kutoka Marekani. Musoma ikawa jimbo kamili mwaka 1957 chini ya Askofu John Rudin, na mwaka 2010 Jimbo la Bunda likazaliwa. Haya yameandikwa, na kila mwanafunzi wa seminari anaweza kuyakariri. Yasiyoandikwa ni jinsi imani ilivyotoka Nyegina ikafika kila kijiji cha Uzanaki, Majita, Ikizu na Ukurya. Padre mmoja mwenye eneo kubwa kama wilaya hakuweza kufika kila mahali. Aliyefika ni katekista.

Baiskeli zilizoletwa kwetu na Waingereza zilikuwa nzito, fremu ya chuma, magurudumu ya inchi 28, breki za fito za chuma, na nyuma kerio pana lenye uwezo wa kubeba gunia. Nyingi hazikuwa na gia. Na hapa kuna jambo linalonichekesha kidogo. Kiwanda cha Raleigh kilikuwa Nottingham, na katika mji huo huo, mwaka 1902, ilibuniwa gia ya kasi tatu inayokaa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, ikamsaidia Mwingereza kuvipanda vilima vyake. Sisi wenye vilima vyetu tukapata baiskeli ya kasi moja tu. Anayeijua njia ya kutoka Makutano kwenda Butiama, au anayepanda kutoka Mto Mara kuelekea Tarime, anajua maana ya neno hilo. Unanyonga mpaka magoti yanagoma, kisha unashuka na kuikokota. Kwenye mteremko hakuna ubao wa tahadhari. Kuna kengele, kuna mguu wa kusaidia breki, na kuna maombezi ya watakatifu.

Aidha, mlima si adui pekee. Masika, udongo mweusi wa mbuga hunata katikati ya gurudumu na madigadi mpaka gurudumu likakataa kuzunguka. Hapo baiskeli humpanda mwenye baiskeli, maana hana budi kuibeba begani.

Zamani zile baiskeli ilikuwa mali. Familia nyingi za kanda hii ziliipata kwa fedha za pamba, na ilihesabiwa pamoja na ng'ombe na bati la nyumba. Mwenye baiskeli alilipia leseni kila mwaka. Fundi baiskeli chini ya mwembe, mwenye beseni la maji la kutafutia tundu la tyubu, alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Katekista kwa kawaida hakuwa na mshahara wa kutajika. Baiskeli aliyosaidiwa na misioni ilikuwa karibu na ujira wenyewe. Asubuhi ya Dominika ilimpeleka kigangoni kuongoza ibada isiyo na padre. Jumatatu ilimbeba mkewe kliniki, naye amekaa upande kwenye kerio na mtoto mgongoni. Jumatano ilipeleka mahindi mashineni. Usiku wowote ilimpeleka kumwita padre, mgonjwa akiwa katika hali ya kufa.

Kipindi kigumu kuliko vyote, kwa masimulizi ya wazee, kilikuwa kati ya mwaka 1977 na katikati ya miaka ya 1980. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Katikati yake ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979. Madukani hapakuwa na tairi wala tyubu. Tairi lililopasuka lilishonwa kwa waya. Na bado watoto waliandaliwa Komunyo ya Kwanza.

Wenzetu wa Italia wana heshima yao kwa chombo hiki. Mwaka 1949 Papa Pius XII alimtangaza Bikira Maria wa Ghisallo, mwenye kikanisa juu ya kilima kaskazini mwa Italia, kuwa msimamizi wa waendesha baiskeli. Tena yupo Gino Bartali, Mkatoliki hodari, mshindi wa mashindano makubwa ya Ufaransa mwaka 1938 na 1948. Wakati wa vita alisafirisha hati za bandia ndani ya bomba la fremu ya baiskeli yake, kwa wito wa Kardinali Elia Dalla Costa wa Firenze, ili kuwaokoa Wayahudi. Hakupenda kuyasimulia, dunia iliyajua kwa upana baada ya kifo chake mwaka 2000. Nawataja kwa sababu hao walikumbukwa. Wetu je?

Fungueni daftari la ubatizo la parokia yoyote. Kanuni ya 877 ya Sheria ya Kanisa inaagiza yaandikwe jina la mbatizwa, la mhudumu, wazazi, wasimamizi, mahali na tarehe. Hakuna safu ya katekista aliyemfundisha mtu huyo imani kwa miezi au miaka. Padre aliyekuja siku moja kumwaga maji anakumbukwa milele. Aliyekuja kila wiki kwa baiskeli hayupo. Silaumu sheria, kwa kuwa ina makusudi yake. Lakini anayetegemea madaftari hayo peke yake kuandika historia ya Kanisa la Mara ataandika nusu, na tena nusu iliyo nyepesi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya umisionari ya mwaka 1965, uliwasifu makatekista. Papa Fransisko mwaka 2021 akaifanya kazi yao kuwa huduma rasmi inayosimikwa katika Kanisa. Wengi wa wale waliokokota baiskeli juu ya vilima vyetu walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Siku hizi bodaboda imefika hata vijiji vya mbali, na sina kinyongo nayo. Jina lake lenyewe limezaliwa na baiskeli: katika miaka ya 1960, pale Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, vijana walibeba abiria kwa baiskeli kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Katekista akipata pikipiki nitafurahi, mradi mafuta yake tusimwachie yeye.

Kwa sasa nimefungua daftari jingine, la kawaida, la shule. Naandika jina la katekista, kigango, miaka ya utumishi na vijiji alivyofundisha. Ukurasa wa kwanza umejaa. Wa pili una majina mawili tu, na wazee wanaoyajua mengine hawazidi wachache. Mwenye picha, cheti, leseni ya baiskeli ya marehemu babaye, au aliye tayari kusimulia, afike ofisini asubuhi, isipokuwa Jumatatu. Asiyeweza kutembea atume mjukuu, nami nitamfuata nyumbani.