Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam: Historia Fupi

Bustani ya Mimea ni miongoni mwa bustani kongwe za umma katikati ya Dar es Salaam. Ilianzishwa na utawala wa Wajerumani mwaka 1893, na mwaka 2023 ilitimiza miaka 130. Ipo karibu na Makumbusho ya Taifa na Ukumbi wa Karimjee. Anayetoka Mchafukoge kwa miguu huishika Barabara ya Samora penye Mnara wa Saa, akaipita Sanamu ya Askari, na mbele yake maduka hukatika, kivuli kikaanza. Humo ndani yamo pia makao ya chama cha wapenda bustani wa jiji, ambacho kimejitwika kazi ya kuitunza mimea ya hapo, ya asili na ya kigeni.

Haikuanzishwa kwa ajili ya matembezi. Wajerumani walihamisha makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam mwaka 1891, na jambo walilotaka kulijua mapema ni mazao gani ya kuuza Ulaya yangestahimili udongo wa kichanga na joto la pwani. Kazi hiyo ilimwangukia Franz Stuhlmann, mtaalamu wa elimu ya wanyama kutoka Hamburg, aliyekuwa amerejea kutoka safari ya maziwa makuu pamoja na Emin Pasha. Mbegu na miche ya kigeni iliatikwa kwenye vitalu na kuangaliwa msimu baada ya msimu. Iliyofaa iligawiwa vituo vya serikali na mashamba ya walowezi.

Kazi ya namna hii ilidai subira, na mara nyingi ilianza kwa hasara kubwa. Mfano mzuri ni wa mwaka huohuo wa 1893, ingawa haukutokea katika bustani hii. Mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyosalia hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62 tu. Mashamba ya mkonge yaliyokuja kuutawala uchumi wa Tanga yametokana na miche hiyo michache.

Mwaka 1902 ilianzishwa taasisi kubwa ya utafiti wa kilimo na viumbe huko Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki, na Stuhlmann akawa kiongozi wake wa kwanza. Majaribio mazito yakahamia milimani, kwenye mvua na ubaridi. Mwaka huo pia utawala ulianza kuwashurutisha wanavijiji, kuanzia wilaya ya Dar es Salaam na kuelekea kusini, walime pamba katika mashamba ya pamoja. Chuki iliyotokana na shuruti hiyo ni moja ya sababu za Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Bustani za majaribio zilikuwa sehemu ya sera hiyohiyo, na ni haki hilo litajwe kila historia yao inapoandikwa: zao lililopaliliwa kwa upole kitaluni lilimfikia mkulima likiwa amri.

Swali la bustani ilikuwa ya nani linajibiwa na ramani ya mji wa zamani. Upande wa mashariki, kwenye upepo wa bahari, kulikuwa Uzunguni, na bustani ilikuwa huko. Katikati palikuwa Uhindini, mitaa ya biashara ambayo Mchafukoge ni sehemu yake. Magharibi, katika eneo lililokuwa shamba la minazi, ulipangwa mji wa Waafrika, ambao baada ya Vita Kuu ya Kwanza ulibaki na jina la Kariakoo, kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichopiga kambi hapo. Kati ya Uhindini na Kariakoo Waingereza waliacha ukanda mtupu, Mnazi Mmoja, wakieleza kwamba ni kinga ya maradhi. Kwa hiyo katika mji mmoja kulikuwa na maeneo mawili ya kijani yenye makusudi yanayopingana: moja lenye miti, lililokuja kuwa la mapumziko ya watu wa tabaka fulani, jingine liliachwa wazi ili watu wasikaribiane. Jina la Mchafukoge lenyewe, lililounganisha maneno mchafu na koge, linasikika vyema katika mji uliokuwa ukigawanywa kwa hoja ya usafi.

Mnazi Mmoja ilikataa kubaki ukanda mtupu. Watu waliugeuza uwanja wa mpira, wa sherehe na wa swala ya Idi. Chama cha kupigania uhuru cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika nyumba iliyokuwa New Street, sasa Lumumba, inayotazamana na uwanja huo, na mikutano yake ikajaza nyasi zilizokusudiwa kuwatenga watu. Leo pana mnara wa kumbukumbu na vivuli vya kukaa, na kwa wakazi wa Mchafukoge na Kariakoo hiyo ndiyo bustani ya kila siku, wakati Bustani ya Mimea ni ya safari ya makusudi.

Tukirudi kwenye Bustani ya Mimea, majeshi ya Waingereza yaliuteka mji Septemba 1916, nayo ikapata bwana mwingine. Chini yao ilizidi kuwa ya mapambo na mapumziko, na eneo lake likaanza kugawiwa majirani wenye kuta. Jirani mkubwa ni makumbusho, yaliyofunguliwa mwaka 1940 kwa kumbukumbu ya Mfalme George V. Baadaye, katika miaka ya 1950, ukoo wa Karimjee ulijenga ukumbi na kuutoa zawadi kwa mji. Humo ndimo lilimokutana baraza la kutunga sheria, na baadaye Bunge la nchi huru. Ni vigumu kuyalalamikia majengo hayo, kwa kuwa yamelitumikia taifa kwa heshima. Hata hivyo kila ukuta ulioinuka upande huu ulimaanisha mizizi michache zaidi, na kipande kilichobaki kinastahili kuhesabiwa kwa hatua.

Utajiri wa bustani umo katika kipande hicho. Mti wake wa fahari ni mnazi wa Shelisheli, unaoonekana mahali pachache sana nje ya visiwa hivyo. Mti dume na mti jike husimama mbalimbali. Tunda huchukua takriban miaka 6 hadi 7 kukomaa, na mbegu yake, yenye mapande mawili yaliyoshikana, ndiyo nzito kuliko zote duniani. Zamani mapande hayo yalielea baharini na kuokotwa Maldivi na India, watu wakadhani yanaota chini ya maji. Ndiyo maana jina lake la kitaalamu, Lodoicea maldivica, linataja nchi ambayo mti wenyewe hauko. Vifuu vyake vilichongwa kuwa mabakuli ya madarweshi. Karibu yake kuna mitapo, mimea ya ukoo wa kale kuliko maua yote, inayofanana na mnazi mfupi lakini huzaa koni badala ya maua au nazi. Kuna michikichi na mitende ya namna mbalimbali, mijakaranda yenye maua ya zambarau, na mikrismasi, iliyotoka Bukini (Madagaska), ambayo huwaka nyekundu mwaka unapokaribia kwisha.

Miti ya aina hiyo haikubaki ndani ya uzio. Barabara inayopita hapo iliitwa na Wajerumani kwa jina la miti iliyoitia kivuli, Waingereza wakaiita Acacia Avenue, baada ya uhuru ikawa Independence Avenue, na sasa ni Samora. Mtaa mwingine wa jirani hadi leo huitwa Garden Avenue, jina lililotokana na bustani yenyewe.

Baada ya uhuru, mkazo wa taifa katika kupanda ulihama kutoka maua kwenda chakula. Kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ya 1974 na 1975 iliwataka hata watu wa mijini walime kila kipande kilicho wazi. Mwaka 1975 lilifunguliwa pia Soko Kuu la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli, lenye paa la zege la mfano wa miavuli inayopokea maji ya mvua. Maduka ya mbegu, mbolea na dawa za mimea yalijikusanya kulizunguka soko hilo, na moto wa Julai 2021 ulioliunguza haukuiondoa biashara hiyo mitaani. Mwaka 1993, karne moja baada ya Stuhlmann, serikali ilianza kwa msaada wa Ujerumani mradi wa kukuza mboga mijini. Safari hii wataalamu walifanya kazi na wakulima wa mchicha, matembele na bamia wa mabondeni na kando ya reli, ambao ndio waliokuwa wakililisha jiji majani mabichi. Mchicha huvunwa baada ya wiki tatu au nne tu, na hapo ndipo ulipo uwezo wake kwa mtu asiye na akiba.

Upande wa Bustani ya Mimea, makumbusho yaliongezewa jengo mwaka 1963, na katika karne hii yakawa pia Nyumba ya Utamaduni. Katika viwanja vyao imewekwa kumbukumbu ya waliouawa kwa bomu la ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998. Mgeni anaweza kutoka kwenye fuvu la Zinjanthropus, lililofukuliwa Olduvai mwaka 1959, akavuka njia na kuingia chini ya mitapo, mimea ambayo nasaba yake ilikuwapo kabla ya fuvu hilo kwa mamilioni mengi ya miaka. Kazi ya chama cha bustani imebaki ileile ya siku zote: kumwagilia wakati wa kiangazi, kupogoa, kupalilia, na kuatika mche mwingine pale mti mzee unapoanguka.