Mkataa Kwao na Aliyenyang'anywa Kwao: Tabibu Atiman wa Karema

Kuna methali tunapenda kuwarushia wanaosoma ng'ambo wakianza kuzungumza kama watu wasio na mpango wa kurudi: mkataa kwao ni mtumwa. Tunaisema kwenye simu, nusu utani, nusu onyo. Na anayeambiwa, kama yuko mwaka wa mwisho, mara nyingi tayari halali vizuri. Maana hamu ya nyumbani ya miezi ya mwisho si ile ya mwezi wa kwanza. Ile ya mwanzo ni ya dagaa, ugali na sauti za watu. Hii ya mwisho ina maswali. Nikirudi nitakuwa nani? Waliobaki watanitambua? Na je, hiki ninachokitamani bado kipo?

Maswali yote hayo yana sharti moja ambalo hatulisemi kwa sababu tunaona ni dhahiri: lazima uwe na kwenu. Sasa kwenye historia ya mwambao wa Ziwa Tanganyika yuko mwanafunzi mmoja aliyefika mwisho wa masomo yake ughaibuni bila sharti hilo. Jina lake ni Adrien Atiman.

Wengi wetu tukitaja historia ya ziwa hili tunaishia Ujiji. Tunataja mwembe, Livingstone, Stanley, mwaka 1871, basi. Lakini zaidi ya kilomita 200 kusini mwa Ujiji, kwenye mwambao huo huo, kuna Karema. Hapo ndipo Atiman alipofanya kazi ya utabibu kuanzia 1889 hadi alipofariki mwaka 1956. Miaka 67! Hesabu vizuri: alifika Wajerumani wakiwa ndiyo kwanza wanapigania pwani, akawaona wakiondoka, akaishi chini ya Waingereza, akafa miaka mitano tu kabla ya uhuru.

Alikotoka ni mbali. Alizaliwa katikati ya miaka ya 1860 huko Tundurma, kando ya mto Niger, si mbali sana na Timbuktu. Akiwa mtoto aliibwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi Metlili, kusini mwa Algeria. Huko, mnamo 1876 hivi, akiwa na umri wa miaka kumi au pungufu, mapadri wa shirika la Wamisionari wa Afrika, wale walioitwa Mapadri Weupe, walimkomboa kwa fedha. Yaani hata uhuru wake ulipatikana kwa kununuliwa. Mlango wake wa shule ulikuwa huo.

Mwanzilishi wa shirika hilo, Kardinali Lavigerie, alikuwa na wazo lake: Afrika ibadilishwe na Waafrika wenyewe. Mwaka 1881 akafungua chuo Malta ili vijana waliokombolewa wasomee utabibu. Hakutaka wote wawe mapadri. Alitaka matabibu makatekista, watu wanaoweza kuoa, kukaa kijijini, kulima na kutibu. Pia hakutaka wageuzwe Wazungu. Katika mavazi, chakula na namna ya kuishi walipaswa kubaki Waafrika, ili wakirudi wasiwe wageni.

Neno "wakirudi" linahitaji kuangaliwa.

Malta ni kisiwa kidogo, na wakati huo kilikuwa chini ya Uingereza. Chuo Kikuu chake ni cha zamani mno. Mafunzo ya tiba yalianza huko mwaka 1676. Lugha ya Kimalta inatokana na Kiarabu, kwa hiyo kijana aliyepitia Algeria hakuwa kiziwi kabisa mitaani. Kitabu wanakiita ktieb. Daktari wanamwita tabib. Miaka michache baadaye Atiman alikuja kuishi na Kiswahili, chenye kitabu chake na tabibu wake, katika mwambao wa tatu wa maisha yake. Wapenda lugha tunafurahia vitu kama hivi, lakini maneno hayo yalienea kwa njia za biashara, na yeye mwenyewe alisafirishwa kwenye njia kama hizo akiwa bidhaa.

Basi ikafika 1888, akahitimu. Kwa mwanafunzi wa kawaida huu ndio wakati wa kufunga sanduku na kuandika barua: nakuja. Atiman naye alifunga safari, ila si kwenda Niger. Alipelekwa Tanganyika.

Fungua ramani. Kutoka Timbuktu hadi Karema ni zaidi ya kilomita 4,000, umbali unaozidi ule wa Kigoma hadi Cairo. Akiwa mwanafunzi Malta, ughaibuni kabisa, alikuwa karibu zaidi na alikozaliwa kuliko atakavyokuwa tena Karema. Katika hesabu za wakubwa wake alikuwa amerudishwa Afrika. Katika hesabu ya mtoto wa Tundurma, ndiyo kwanza alikuwa anazidi kwenda mbali. Afrika si kijiji kimoja. Wanaosoma nje leo wanalijua hili wanapoulizwa na wenyeji "Afrika kukoje?" na kukosa pa kuanzia.

Na barabara yenyewe! Kutoka pwani kwenda ziwani msafara ulipita bara kwa miguu, kwenye nchi ambayo njia zake kuu, kama ile ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, ndizo zilizoshusha meno ya tembo na watumwa. Mwaka huo huo pwani ililipuka kwa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani. Ujiji ilikuwa chini ya Rumaliza, na biashara ya watu ilikuwa haijafa. Mtu aliyewahi kuswagwa jangwani alikuwa sasa anapanda njia ya watumwa kinyume chake, akiwa na elimu ya tiba.

Karema alikuta ngome ya zamani ya Wabelgiji. Waliianzisha mwaka 1879 na kuikabidhi kwa mapadri mwaka 1885. Alikuta pia watu waliokombolewa utumwani, wakiwemo watoto. Kila nikifika hapa ndipo ninapoona uzito wa kisa hiki. Hakukuta ndugu, hakukuta lugha ya mama yake, ila alikuta watoto walionyang'anywa kwao kama yeye. Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa familia ya kitemi ya Wabende, na mtoto wao Joseph alikuja kuwa padri. Wazee wetu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alikuja na jembe lake.

Mlinganishe na msomi mwingine tunayemjua wote. Mwaka 1949 Julius Nyerere alikwenda Edinburgh, na mwaka 1952 akarudi na shahada. Yeye alijua anarudi kwa nani: Butiama ipo, mama yupo. Wakati huo Atiman alikuwa bado hai pale Karema, mzee wa zaidi ya miaka themanini. Simulizi ya kurudi ya Mwalimu tunaifundisha shuleni kwa sababu ina umbo tunalolipenda, la kuondoka, kusoma na kurudi. Ya Atiman haina umbo hilo, labda ndiyo maana haisimuliwi sana, ingawa maisha yake kama yalivyosimuliwa na yeye mwenyewe yalichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1946. Hati kama hiyo ilistahili toleo la Kiswahili linalopatikana kirahisi mikononi mwa vijana wa Kigoma na Katavi.

Kuna hatari ya kukigeuza kisa hiki kuwa hadithi ya faraja tu: aliibwa, akasomeshwa, akatibu wengi, mwisho mwema. Hapana. Alichopoteza Tundurma hakikulipwa na Karema. Kutibu watu miaka 67 hakumrudishii mtu mama yake. Vitu viwili hivi vinakaa pamoja, na hakuna kinachofuta kingine.

Ndiyo maana ile methali naiona ngumu kuitamka siku hizi. Inamshtaki anayekataa kwao, lakini haina nafasi ya mtu aliyefanywa mtumwa kwa kuondolewa kwao. Wala ya mhitimu wa leo ambaye kijiji chake kimekimbiwa kwa vita ng'ambo ya ziwa, akabaki na cheti mkononi na jina la mahali pasipokalika. Kigoma, iliyopokea wakimbizi kutoka Burundi na Kongo kwa miongo mingi, inawafahamu watu hao.

Leo kuna hospitali Sumbawanga inayoitwa Dkt. Atiman. Kaburi lake liko Karema. Ukimuuliza mwenyeji wa huko Atiman ni wa wapi, jibu la kwanza litakuwa la hapa hapa. Ni jibu sahihi. Ila tukilitoa, tulitaje na lile lingine: Tundurma, kando ya Niger.