Mvamizi Asiyetajwa Jina: Umoja wa Mataifa na Vita vya Mashariki mwa Kongo

Mwishoni mwa Juni 2024 walinda amani wa Umoja wa Mataifa walikamilisha kuondoka Kivu Kusini. Tarehe 10 Desemba 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Uvira, siku chache tu baada ya marais wa Kongo na Rwanda kukutana Washington kuthibitisha mapatano ya amani. Hapa Kasenga likazuka tena swali la mwaka 1996 na la 1998: kwa nini mashirika makubwa hivi hushindwa kumzuia mvamizi? Wengi hujibu kwamba askari wake ni wachache au waoga. Makala haya yanadai kwamba kushindwa huanza kabla askari hawajafika, katika lugha ya maazimio yenyewe.

Vita vya pili vya Kongo vilianza Agosti 1998. Azimio 1234 la Baraza la Usalama, la Aprili 1999, lilisikitikia kuwapo kwa majeshi ya kigeni nchini bila kusema ni ya nchi zipi. Rwanda na Uganda zilitajwa na kutakiwa kuondoka katika Azimio 1304 la Juni 2000, baada ya majeshi yao kupigana yenyewe kwa yenyewe Kisangani. Vivyo hivyo, M23 walianza upya mapigano mwishoni mwa 2021, lakini azimio la kulitaka Jeshi la Rwanda liondoke lilipitishwa Februari 2025, Goma na Bukavu zikiwa zimekwisha kuanguka. Mwanaisimu angesema kiarifu kilikuwapo, kiima kikafichwa.

Sababu ni mbili. Kwanza, Baraza ni mkutano wa madola yenye marafiki na masilahi. Kumtaja mkosaji ni kujifunga kumwadhibu. Pili, walinda amani huongozwa na kanuni za ridhaa, kutopendelea, na kutotumia nguvu ovyo. Kanuni hizo hufaa pale mahasimu walipokwisha kupatana. Hazifai pale dola linapokana kwamba lina askari vitani, kama Rwanda ilivyokana mara kwa mara.

Hata hivyo, jina peke yake halitoshi. Mwaka 1935 Ushirika wa Mataifa uliitaja Italia kuwa mvamizi wa Ethiopia, lakini vikwazo havikugusa mafuta, na Mfereji wa Suez uliachwa wazi kwa meli zake. Mei 1936 Addis Ababa ikatekwa.

Kinyume chake kilionekana kwetu. Mwaka 2012, M23 walipoiteka Goma mbele ya macho ya walinda amani, wafadhili kadhaa walisimamisha misaada yao kwa Rwanda. Machi 2013 Baraza likaidhinisha kikosi cha mashambulizi cha askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, kilichosaidiana na jeshi la Kongo. Novemba 2013 M23 wakashindwa.

Basi uwezo ulikuwapo. Kilichoadimika ni utayari wa kulipa gharama ya ukweli. Sisi tunaofundisha lugha na historia tuna sehemu yetu katika wajibu huo: tumtaje mtenda pamoja na tendo lake, hata akiwa wa upande wetu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.