Upasuaji wa Unene na Kisukari: Mizani Haitoshi

Mafanikio ya upasuaji wa kupunguza unene yamezoeleka kupimwa kwa mizani: kilo ngapi zimepungua, ngapi zimerudi. Kwa mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili, kipimo hicho kinapotosha mara mbili. Humchelewesha anayeuhitaji upasuaji mapema, kisha huuhesabu kuwa umeshindwa wakati bado unamkinga.

Mwaka 1995, Walter Pories na wenzake wa Chuo Kikuu cha East Carolina, Marekani, waliripoti kwamba kati ya wagonjwa wao 146 wenye kisukari waliofanyiwa upasuaji huo, 121 walirejea kwenye sukari ya kawaida. Kilichoshangaza zaidi ni kasi: sukari ilishuka ndani ya siku chache, uzito ukiwa haujapungua kwa kiasi cha kutajika. Katika aina ya upasuaji waliyoitumia, sehemu ya juu ya tumbo hutengwa na kubakizwa kifuko kidogo, siku hizi cha takriban mililita 30, kinachounganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Chakula huruka sehemu ya mwanzo ya utumbo na kuwahi kufika chini, ambako homoni ya GLP-1 hutolewa kwa wingi na kuichochea kongosho kutoa insulini. Kisukari kinatibiwa utumboni, si kwenye mafuta ya mwili peke yake.

Wenye shaka wana hoja nzito: kwa wengi nafuu haidumu. Katika utafiti wa Sweden kuhusu wanene, uitwao SOS (Swedish Obese Subjects), ulioanza mwaka 1987, asilimia 72 ya wagonjwa wa kisukari waliopasuliwa walikuwa na sukari ya kawaida bila dawa baada ya miaka 2. Baada ya miaka 15 walibaki asilimia 30. Hata hivyo, madhara ya mishipa midogo, yale yanayoharibu macho, figo na neva, yaliwapata waliopasuliwa kwa nusu tu ya kiwango cha wenzao wasiopasuliwa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2016 uliofuatilia watu 4,683 unadokeza sababu: hata kwa waliorudiwa na kisukari, kila mwaka wa ziada wa nafuu ulipunguza hatari ya madhara hayo kwa asilimia 19. Kwa hiyo ugonjwa kurudi hakufuti faida iliyokwisha kupatikana.

Hapo ndipo suala la muda linapokuwa zito. Waliopata nafuu zaidi Sweden ni wale ambao kisukari chao kilikuwa bado kichanga, kongosho haijachoka. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2016 uliruhusu kufikiria upasuaji kuanzia uwiano wa uzito na urefu (BMI) wa 30, iwapo sukari imekataa kushuka kwa dawa. Ni hatua ya maana, ila bado uzito ndio unaofungua mlango. Umri wa ugonjwa ungestahili kupewa nafasi sawa.

Upasuaji nao una gharama zake. Bila vitamini B12, chuma na kalsiamu za kudumu, mgonjwa anaweza kupungukiwa damu na mifupa yake kudhoofika. Wala hauondoi hatari yote: waliopasuliwa Sweden waliishi miaka 3 zaidi ya wanene wenzao wasiopasuliwa, lakini miaka 5.5 pungufu ya watu wa kawaida. Kliniki inayompima mgonjwa uzito na kumruhusu aende, bila kuangalia sukari, figo, macho na damu yake mwaka hadi mwaka, haijamaliza kazi iliyoianza.